Vyombo Ndani ya Chombo

Bakuli la uji ni chombo. Jahazi nalo ni chombo. Nimezaliwa na Kiswahili na sikuwahi kulifikiria jambo hili, mpaka niliposoma habari za Belitung.

Belitung ni kisiwa cha Indonesia, kati ya Sumatra na Borneo. Mwaka 1998 wavuvi waliokuwa wakizamia majongoo bahari walikuta rundo la vyombo vya udongo kwenye kina cha mita 17 hivi. Kumbe chini yake palikuwa na jahazi lililozama karne ya 9. Ndani yake vilitoka vyombo takriban 60,000, vingi vikiwa mabakuli ya Changsha, China, yaliyopangwa ndani ya mitungi mikubwa yasivunjike. Bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Kulikuwa na vioo vya shaba na hata kikombe cha dhahabu. Mwaka 2005 Singapore ikainunua shehena kwa zaidi ya dola milioni 30, na dunia nzima ikazungumzia hazina.

Mimi nilishikwa na mbao. Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila msumari, na wataalamu wengi wanaona ni kazi ya mafundi wa upande wa Arabuni. Mbao nyingi za ubavuni zilitambuliwa kuwa za Afzelia ya Afrika, ndugu wa mkongo wetu. Hebu fikiria: mti ulioota Afrika, ukashonwa kwa ufundi wa Kiarabu, ukapakia mabakuli ya China, ukazama Indonesia. Nikakumbuka mtepe uliojengwa upya niliowahi kuuona Zanzibar. Nao ni wa kushonwa.

Vyombo vya namna hiyo viliitegemea misimu ya pepo, kama majahazi yetu yalivyongoja kaskazi na kusi. Ukichelewa upepo, unakaa bandarini miezi. Na watu wakikaa pamoja miezi, hawabadilishani bidhaa tu. Yijing, mtawa wa Kibudha kutoka China, alipanda chombo Guangzhou mwaka 671 kwenda India. Alipofika Srivijaya, huko Sumatra, alikaa miezi sita akisoma sarufi ya Kisanskriti kabla ya kuendelea. Kimalay nacho kilikuja kuwa lugha ya biashara katika bandari za huko, kila mgeni akiokota maneno na kuacha yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi wenyewe ni watoto wa kungoja upepo.

Ndiyo maana mgogoro uliofuata unaniuma. Uchimbaji wa Belitung ulikuwa wa kibiashara, na wanaakiolojia wengi waliupinga wakisema hazina ilitangulizwa mbele ya elimu. Mwaka 2011 maonyesho yaliyopangwa Washington yakafutwa. Bakuli lina bei, ubao uliooza hauna. Lakini bakuli linatuambia nani aliuza tu. Ubao na kamba ndivyo vinavyotuambia watu walikutanaje.

Oman ilijaribu kurudisha upande huo. Ilijenga chombo kwa mfano wa kile cha Belitung, mbao zikashonwa kwa kamba za nazi, na kati ya Februari na Julai 2010 kikasafiri kwa tanga kutoka Muscat hadi Singapore. Kwa kushona na kusafiri, mafundi na mabaharia walijifunza mambo ambayo bakuli lisingewafundisha.

Huku kwetu mitepe iliacha kusafiri katika karne ya 20. Tunayo mabaki ya sahani za China kwenye magofu ya Kilwa na Gede, tunayapiga picha, tunayasifu. Sawa. Ila siku nyingine ukisimama mbele ya kipande cha sahani, usiulize kimetoka wapi tu. Uliza kilipanda nini, na nani alishona.