Lokole ilibisha hodi kwanza: historia ya muziki, usiku na kilio Kisangani

KISANGANI, Tshopo. – Kwenye mlango wa kiwanja penye matanga, watu wa Kisangani hufunga matawi ya mchikichi. Mpita njia akiyaona hupunguza mwendo, mwenye pikipiki huacha honi, na jirani mwenye nganda huteremsha sauti ya bafle yake, hata kama hakumjua marehemu. Hakuna anayehitaji kuelezwa.

Familia zilizokimbia mapigano ya upande wa Lubunga tangu Februari 2023, wakati mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa vita vya mapanga na moto, hazina mlango wa kufunga tawi. Zililala shuleni, kwenye viwanja vya makanisa, kwa ndugu wenye chumba kimoja. Maiti wengine walibaki ng'ambo ya mto. Kilio kikianza saa tatu ya usiku chini ya hema, jirani wa pili hajui kama ni kilio au ni mtoto mgonjwa, na muziki wa nganda unaendelea vilevile. Ugomvi unaotokana na hapo hauanzi kwa ubaya wa moyo. Unaanza kwa sababu habari haikufika.

Katika mji huu, habari hiyo zamani ilikuwa na chombo chake. Kiliitwa lokole.

Lokole ni gogo la mti mgumu, limechimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba wa juu, bila ngozi yoyote. Mdomo mmoja wa mwanya hutoa sauti ya juu, wa pili sauti ya chini. Moja huitwa mume, nyingine mke. Kwa sauti hizo mbili tu, Walokele wa mto Congo na majirani zao wengi walikuwa wanasema karibu kila kitu: mtoto amezaliwa, mzee amefariki, mchezo wa mieleka ni kesho, mgeni yuko njiani. Stanley alipoteremka mto katika miezi ya kwanza ya 1877, alikuta ngoma hizo visiwani kwenye maporomoko. Aliandika kwamba watu hao hawana waya za umeme lakini wana njia ya kupashana habari inayofanya kazi vizuri kama hizo. Kwa mtu aliyekuwa anapigana na karibu kila kijiji alichopita, hayo ni maneno makubwa. Pengine aliyajua kwa uchungu: mara nyingi alikuta watu wamekwisha kujipanga kabla hajafika.

Aliyeeleza jambo hili kwa undani zaidi ni mmisionari Mwingereza, John Carrington, wa kanisa la Baptisti. Alifika Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, mwaka 1938. Siku moja akaamua ghafla kwenda kijiji cha Yaongama, bila kumtanguliza mtu. Alipofika alimkuta mwalimu, mganga msaidizi na waumini wamekaa wanamngoja. Lokole ilikuwa imemtangulia. Tangu hapo akaanza kujifunza, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake juu ya ngoma zinazosema.

Ugumu aliokutana nao unaeleweka upesi na kila anayesema lugha ya Kilokele. Katika lugha hiyo neno halitoshi kwa herufi zake. Sauti ikipanda au ikishuka, maana inageuka. Maneno «alambaka boili» kwa sauti moja yana maana kwamba mtu alikuwa anaangalia ukingo wa mto. Kwa sauti nyingine, yana maana kwamba alimpika mama mkwe wake. Mzungu mgeni alipaswa kuwa mwangalifu sana mbele ya wakwe za watu.

Na ngoma ina shida ya pili, kwa sababu yenyewe haina herufi kabisa, ina sauti tu. Songe ni mwezi, koko ni kuku, fele ni aina ya samaki. Yote matatu hupigwa sawasawa, juu na juu. Kwa hiyo mpigaji hasemi «mwezi» peke yake. Anaongeza sifa za mwezi, maneno ya kudumu ambayo kila msikilizaji anayajua, mpaka isiwezekane tena kudhani kwamba anasema kuku. Ndiyo maana ujumbe wa ngoma ulikuwa mrefu karibu mara nane kuliko ule wa mdomo. Anayefikiri kwamba wazee walipenda maneno mengi anakosea. Urefu ule ulikuwa heshima kwa msikilizaji, asipotoshwe.

Hapa ndipo adabu inapoonekana. Mpigaji wa lokole hakuanza katikati. Alianza na mwito wa kuwatahadharisha watu, ili aliye shambani asimame na aliye kwenye mtumbwi ainue kafi. Kisha alimtaja anayeitwa. Hakumtaja kwa jina la mkato: alipiga jina lake la ngoma, akaongeza la baba yake na la kijiji cha mama yake. Hapo ndipo habari ilifuata, ikarudiwa, tena ikarudiwa. Mwishoni ilikuwapo alama ya kufunga, ili watu wajue wameachiliwa, warudi kazini. Ukiitazama vizuri, ni kama mtu anayebisha hodi, anayejitambulisha, anayesema haja yake, na anayeaga.

Saa nazo zilikuwa na sababu. Asubuhi na mapema, na jioni baada ya jua kuzama, hewa imepoa na mto umetulia, sauti hufika mbali, usiku hata kilomita 10 hivi juu ya maji. Mchana joto huimeza. Anayepiga mwito wa hatari bila hatari, saa ambayo sauti inafika vijiji vitano, amewasimamisha watu wa vijiji vitano bure. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji polisi ili ajue amekosa.

Carrington mwenyewe alipewa jina la ngoma. Baadaye, alipokuwa na shule Yalemba, mgeni aliyemtembelea mwaka 1954 alishuhudia mke wake akimwita kula chakula cha mchana kwa ngoma, naye yuko porini. Watu wa huko walikuwa na maelezo yao juu ya Mzungu huyu: kwamba kwa kweli alikuwa mtu wa kijiji chao, akafariki, na mizimu ikakosea ikamzaa tena kwa Wazungu. Akikosea mpigo, asamehewe, kwani Wazungu hawakumfundisha vizuri. Lakini Carrington huyohuyo aliona tayari kwamba vijana wa shule hawakuwa tena na majina ya ngoma. Jina hupewa mtu na wazee wake, na kijana aliyekuwa anasoma ili apate kazi mjini hakuona la kufanya nalo.

Mjini, sheria ilikuwa nyingine. Stanleyville ya Wabelgiji ilikuwa miji miwili. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuzunguka usiku katika mtaa wa Wazungu bila karatasi. Katika mitaa ya weusi, Belge ya kwanza, Belge ya pili, Bruxelles, serikali ndiyo iliyopanga mahali na saa ya kucheza ngoma. Kwa mara ya kwanza kwenye mto huu, swali «je, ni saa ya muziki?» halikujibiwa na jirani wala na mzee wa kijiji, bali na ofisi. Na ofisi haikuuliza nani amefiwa. Iliuliza kama Mzungu analala.

Mfano mkubwa wa zama hizo unaugusa mji wenyewe. Wendo Kolosoy, aliyewahi kufanya kazi kama fundi kwenye meli za mto kati ya Léopoldville na Stanleyville, alitoa wimbo «Marie-Louise» mwaka 1948 pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, chini ya lebo ya Ngoma. Santuri ilisambaa pande zote. Pamoja nayo ulisambaa uvumi kwamba ukiipiga saa sita ya usiku, wafu wanafufuka. Wakubwa wa Kanisa Katoliki hawakucheka. Wendo alitengwa na kanisa, akalazimika kuondoka Léopoldville, na akafungwa kwa muda mfupi hapa Stanleyville.

Wengi huisimulia habari hiyo kama kichekesho cha mapadri. Lakini uvumi wenyewe unasema kitu. Watu waliotoka vijijini miaka michache tu kabla walijua kwamba ngoma ya usiku wa manane ina kazi: inatangaza kifo, au hatari. Sasa chombo kipya, santuri, kinapiga saa hiyohiyo bila kumtaja mtu, bila mwito, bila alama ya kufunga. Wakauliza: kinaitwa nani? Wakajibu wenyewe: labda marehemu.

Miaka ya Mobutu ilileta kinyume chake. Chini ya MPR, katika miaka ya 1970 na 1980, kuimba na kucheza kulikuwa wajibu. Wafanyakazi na wanafunzi walipangwa kwa «animation politique», wakapiga makofi kwa wimbo wa kumsifu kiongozi, hata mwenye kufiwa jana. Wimbo haukuomba ruhusa kwa mtu. Baadhi ya watu wazima wa Kisangani hadi leo hawapendi kulazimishwa kusimama na kucheza harusini, na vijana wanadhani ni kiburi.

Halafu ikaja Juni 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, hasa Makiso na Tshopo, na mizinga ikaanguka juu ya nyumba za raia. Mamia ya watu walikufa, maelfu walihama. Wako waliozikwa kwenye viwanja vya nyumba zao, kwa kuwa njia ya makaburini ilikuwa imefungwa na risasi. Kwa familia hizo, kiwanja ni kaburi. Jirani mpya aliyenunua upande wa pili na kuweka bafle ukutani hawezi kujua, isipokuwa amwambie mtu.

Bafle ndiyo suala la leo. Zamani muziki wa nganda ulitegemea umeme wa bwawa la Tshopo, na umeme ukikatika mtaa ulipata usingizi. Sasa kijana anabeba kipaza sauti mkononi, kinachajiwa kwa sahani ya jua, kinapiga popote: kwenye mtumbwi, kwenye toleka, karibu na hospitali. Jambo hili haliko Kisangani tu. Hata wachezaji wa gofu, watu ambao mchezo wao unadai kimya kiasi kwamba mtu hukohoa akigeukia pembeni mwenzake anapotaka kupiga mpira, wana ugomvi huohuo juu ya wanaobeba vipaza sauti uwanjani. Kanuni zao za 2019 zinakataza mchezaji, wakati wa raundi, kusikiliza muziki ili uondoe kelele zinazomsumbua au umsaidie kupata mwendo wa mkono. Muziki wa kawaida haukukatazwa. Uliachiwa sharti la jumla la kuwafikiria wengine. Na hapo ndipo wanapogombana, kwa maana sharti hilo halitaji saa wala kiasi cha sauti. Matajiri wenye majani yaliyokatwa vizuri wamefika palepale alipofika mkubwa wa avenyu huku Mangobo.

Tofauti ni kwamba uwanjani anayesumbuliwa hupoteza mpira. Kwenye kiwanja cha shule wanakolala familia za Lubunga, anayesumbuliwa anaweza kuwa mama ambaye ndiyo kwanza ameletewa habari, kwa simu, kwamba mume wake hakuvuka mto. Wenye nganda nao wana lao: wanalipa kodi, wanalisha watoto, na bafle ndiyo inayoita wateja. Wakiambiwa wazime kila usiku, watafunga. Madai kwamba muziki wote ukome karibu na maeneo ya wakimbizi wa ndani hayana haki, na wakimbizi wenyewe wengi hawayataki. Vijana wao hucheza kwenye nganda hizohizo, na wimbo wa Jumamosi ndio kitu pekee kilichobaki kama nyumbani.

Kinachokosekana ni mwito wa kwanza, ule wa lokole. Tawi la mchikichi bado linafanya kazi hiyo kwa mwenye mlango. Kwa asiye na mlango, linaweza kufungwa kwenye uzio wa shule, upande wa barabara, siku ile ile ya msiba. Kiongozi wa eneo anaweza kumtuma mtu kwa jirani wenye bafle kabla jua halijazama, si baada ya watu kukasirika. Mjumbe huyo aseme kama ngoma ilivyosema: fulani, mtoto wa fulani, mama yake ni wa kijiji fulani, amefariki, kilio ni leo na kesho. Na siku ya tatu arudi kusema kwamba matanga yamekwisha, mpige muziki wenu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na mwenye nganda aliyeteremsha sauti hubaki anajiuliza mpaka lini.