Kwa nini fomu inakubali kwa jirani na inagoma kwako? Vivinjari na simu zetu

Msimu wa maombi ya vyuo, mikopo na ajira unapofika, simu zinazoingia studio kutoka Kabungu na vijiji vya jirani huwa na lalamiko moja. Tovuti imefunguka, msikilizaji amejaza jina na shule aliyosoma, kitufe cha kutuma anakiona, lakini akikibonyeza hakuna kinachotokea. Jirani yake ana simu nyingine, laini ya kampuni ileile na bando lilelile, na kwake fomu inakwenda. Wengi huamua kwamba mtandao wa kijijini ni mbovu. Wengine wanaamini tovuti imefungwa makusudi ili nafasi zichukuliwe na watu wa mjini. Mara nyingi mnara hauna kosa, na hakuna aliyefunga kitu. Shida ipo kwenye kivinjari.

Tumeandika makala hii kwa ajili ya mwenye simu ya bei nafuu, kwa sababu yeye ndiye anayepoteza nafasi bila kujua kilichomponza.

Kivinjari ni nini

Kivinjari ni programu inayokufungulia tovuti. Jina limetokana na kitenzi kuvinjari, yaani kuzungukazunguka mahali ukiangalia yaliyopo. Chrome, Firefox, Opera Mini, Phoenix na Safari vyote ni vivinjari. Mtaani tumezoea kusema "nimeingia Google", lakini Google ni kampuni na huduma ya kutafuta. Kivinjari chake kinaitwa Chrome. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku fundi simu anapokuuliza unatumia kivinjari gani na wewe unamjibu "Google".

Tovuti haisafiri kuja kwako ikiwa picha iliyokamilika. Inakuja kama maandishi ya maelekezo: hapa weka kichwa cha habari, hapa weka jedwali, hapa weka kitufe, na kitufe kikibonyezwa fanya hivi. Ndani ya kila kivinjari kuna injini inayosoma maelekezo hayo na kuyageuza kuwa ukurasa unaouona. Majina ya vivinjari ni mengi, lakini injini kubwa zimebaki tatu. Blink inaendesha Chrome, Edge ya Microsoft na vivinjari vingi vya simu za Android. Gecko ni ya Firefox. WebKit ni ya Safari, kivinjari cha iPhone.

Sisi wa Katavi tuna mfano mzuri wa jambo hili. Reli inayokuja Mpanda kutoka Kaliua ina upana wa milimita 1,000. Ile ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Zote ni reli, zote zina treni, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule. Abiria anayetoka Mpanda akitaka kuendelea kwa SGR kutoka Dodoma lazima ashuke, abebe mizigo yake, apande treni nyingine. Mtengenezaji wa tovuti anayejaribu kazi yake kwenye kivinjari kimoja tu anajenga kituo cha reli moja. Wenye treni nyingine watakiona kituo kwa macho, lakini kuingia hawawezi.

Ili hilo lisitokee, kuna vipimo vya pamoja. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyetengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990, alianzisha mwaka 1994 chombo kinachoitwa W3C ambacho kazi yake ni kuandika kanuni za namna tovuti zinavyopaswa kujengwa. Anayezifuata kanuni hizo anaweza kutarajia ukurasa wake ufunguke kokote. Tatizo ni kwamba hakuna askari wa kuzisimamia, na historia inaonyesha kuwa mwenye nguvu sokoni huzipinda atakavyo.

Mashindano yalivyokuwa

Mwaka 1995 Microsoft ilitoa Internet Explorer kushindana na Netscape, kivinjari kilichokuwa kinaongoza wakati huo. Ikaanza kukitoa pamoja na Windows. Mnunuzi wa kompyuta akakikuta tayari kimo ndani, kwa nini atafute kingine? Netscape ikaporomoka, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaipeleka Microsoft mahakamani kwa kutumia vibaya nguvu zake sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Internet Explorer ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji duniani. Baada ya kushinda, ikalala. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2001 na la 7 likasubiri hadi 2006. Katika muda huo maofisi na mabenki duniani kote yalijenga tovuti kwa ajili ya kivinjari hicho kimoja, pamoja na makosa yake.

Walioumia ni waliochagua njia nyingine, hasa watumiaji wa Linux, mfumo huria usiolipiwa, ambao Internet Explorer haikutengenezewa kabisa. Nasi Tanzania tulikuwa na watu wa njia hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na kupiga hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ukiwa na kompyuta ya namna hiyo ungeweza kuandika barua kwa lugha yako, lakini ukifika kwenye tovuti inayodai Internet Explorer unasimama mlangoni.

Firefox 1.0 ilitoka mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2004, ikitengenezwa na Mozilla, taasisi iliyozaliwa kutokana na mabaki ya Netscape. Chrome ikafuata Septemba 2008. Kampuni ndogo ya Norway, Opera, ilikwishapeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya Desemba 2007. Kutokana na shauri hilo, kuanzia mwaka 2010 Microsoft ilibidi iwaonyeshe watumiaji wa Windows barani Ulaya orodha ya vivinjari wajichagulie. Baadaye orodha ikapotea kwenye mamilioni ya kompyuta, na Machi 2013 Tume ikaitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 561. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa rasmi Juni 2022, na Edge iliyochukua nafasi yake sasa inatumia injini ya Google. Kwa hiyo mfalme amebadilika, lakini kiti ni kilekile, na tovuti nyingi za leo zinajaribiwa kwenye Chrome peke yake.

Kuna kichekesho kimoja katika historia hii. Kila kivinjari kinapofika kwenye tovuti hujitambulisha kwa jina. Kwa kuwa zamani tovuti zilikuwa zinawapokea vizuri wale tu waliosema "Mozilla", wengine wote wakajifunza kusema hivyo. Mpaka leo Chrome, Safari na Edge hubisha hodi kwa kutaja "Mozilla/5.0". Wote wanadanganya jina, na wote wanajua.

Opera Mini na bando letu

Opera hiyohiyo ya Norway ndiyo iliyotufikia sisi wa vijijini. Januari 2006 ilitoa Opera Mini kwa dunia nzima, kivinjari kilichoweza kukaa hata kwenye simu ndogo za vitufe. Ujanja wake ni huu: simu yako haifungui tovuti yenyewe. Inaiagiza seva ya Opera, seva inafungua tovuti, inabana picha na maandishi, kisha inakutumia kifurushi kidogo. Data inaweza kupungua hadi asilimia 90. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni tofauti ya kusoma habari au kutosoma.

Lakini fikiria unamtuma kijana wa bodaboda kutoka Kabungu akakununulie kitu Mpanda mjini. Anakuletea mzigo ulivyoagiza. Ukitaka kubadilisha rangi, lazima aende tena. Fomu nyingi za sasa zimejengwa kwa JavaScript, maelekezo yanayotakiwa kufanya kazi palepale kwenye simu: ukichagua mkoa, orodha ya wilaya inatokea, ukiandika namba ya mtihani, inahakikiwa. Katika hali ya kubana data kupita kiasi, Opera Mini huyaendesha maelekezo hayo kule kwenye seva kwa sekunde chache tu, kisha huyasimamisha. Ndiyo maana unachagua mkoa na wilaya haiji, na kitufe cha kutuma kinakuwa pambo.

Lipo jambo zito zaidi. Katika hali hiyo, kufuli unayoiona kwenye tovuti inafunguliwa kwenye seva ya katikati, si kwenye simu yako. Neno la siri na namba zako zinapita mikononi mwa mtu wa tatu kabla ya kufika. Hatusemi kwamba kuna anayeziiba. Tunasema kwamba kwa mambo ya benki, mikopo na taarifa za kitambulisho, ni busara kumwacha huyo wa katikati nje. Kwenye simu za Android ingia mipangilio ya Opera Mini, tafuta sehemu ya kuokoa data, uizime kabla ya kujaza fomu. Ukimaliza, irudishe.

Nasi tukiri letu. Wasikilizaji walituambia mara nyingi kwamba kitufe cha kusikiliza kipindi kwenye ukurasa wetu hakitoi sauti. Tulidhani ni kasi ya mtandao. Kumbe sisi tulijaribu kwenye kompyuta ya studio tu, wakati wao walikuwa kwenye Opera Mini iliyobanwa, ambayo haichezi sauti ndani ya ukurasa. Siku hizi tunaweka pia kiungo cha kawaida cha kupakua sauti.

Kitochi janja na simu za zamani

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti inayotumia mfumo wa KaiOS. Mfumo huo ulitokana na Firefox OS, mradi wa simu ambao Mozilla waliuacha. Kwa hiyo mwenye kitochi cha aina hiyo anatumia ndugu wa Firefox bila kujua. Kasoro ni kwamba KaiOS toleo la 2.5 inatumia injini ya Firefox 48, ya mwaka 2016. Tovuti zilizojengwa kwa maelekezo mapya zaidi ya hapo huja zimevurugika au zikiwa nyeupe tupu, na mwenye simu hawezi kusasisha injini hiyo peke yake.

Kwenye Android za zamani kuna tatizo la vyeti. Kila tovuti yenye kufuli huonyesha cheti, na simu hukilinganisha na orodha ya watoa vyeti inaowaamini. Simu ikizeeka bila kusasishwa, orodha nayo inazeeka. Mmoja wa watoa vyeti wakubwa, Let's Encrypt, anayetoa bure, alitangaza kuwa simu zenye Android ya chini ya 7.1.1 zingepata shida na vyeti vyake, akashauri Firefox kwa sababu hubeba orodha yake yenyewe. Ushauri huo umefika ukingoni, maana Firefox mpya nazo zimeacha kukubali simu hizo.

Kabla hujakata tamaa na onyo la "muunganisho si salama", angalia tarehe. Betri ikitolewa, simu nyingine hurudi miaka kumi nyuma, na cheti cha leo kinaonekana kama hakijaanza kutumika. Tumeona mtu akinunua bando mara mbili kwa kosa hilo. Ukirekebisha tarehe na saa, tovuti inafunguka.

Ufanye nini

Kwa kusoma habari na kuangalia matokeo, kivinjari chepesi kinatosha. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani kwa miaka mingi zimekuwa majedwali ya kawaida yasiyo na mapambo, na kwa sababu hiyo husomeka hata kwenye kitochi. Hatujui kama kuna anayewashukuru waliozitengeneza hivyo, lakini wanastahili.

Kwa kujaza fomu, tumia Chrome au Firefox iliyosasishwa. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel huja na Phoenix. Ikikugomea, usijaze upya mara tatu, nakili anwani ya tovuti uifungue kwenye kingine. Kama nafasi ya simu ni ndogo, futa video za zamani upate pa kuweka kivinjari cha pili. Mwenye kitochi tunamshauri aende steshenari au aazime simu ya ndugu, na akimaliza atoke kwenye akaunti yake kabla ya kuirudisha.

Kijana mmoja wa Kabungu aliyetupigia simu mwaka jana alikuwa na fomu iliyogoma kwa siku nne. Tulimwambia azime kuokoa data. Haikusaidia. Tukamwambia ajaribu Chrome, naye akajibu kuwa anayo ila hajawahi kuisasisha tangu anunue simu. Aliisasisha usiku, bando likiwa la bei nafuu, na asubuhi fomu ikakubali. Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya dirisha kufungwa. Ukipiga simu studio kwa shida ya namna hii, tutaje mambo matatu: aina ya simu, jina la kivinjari na maneno ya onyo yanayotokea, hata kama huyaelewi. Yasome herufi kwa herufi, tutaandika.