Lugha na Shule za Harambee Nchini Kenya, 1963–1985

Historia ya shule za sekondari za mashambani nchini Kenya ina lugha mbili ndani yake: ile iliyotumiwa kuzijenga na ile iliyotumiwa kufundishia. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 tu, zenye wanafunzi wapatao 30,000. Nafasi hizo hazikuwatosha watoto waliokuwa wakimaliza masomo ya msingi. Kwa hiyo wananchi, wakiitikia mwito wa Harambee uliotolewa na Jomo Kenyatta, walianza kujijengea shule. Kabla ya mwongo huo kwisha, shule zisizopata ruzuku zilikuwa zimezipita zile za serikali kwa idadi.

Kazi ilianzia barazani. Wenye fedha walitoa fedha. Wengine walileta kuku, mbuzi au magunia ya mahindi ili yanadiwe. Asiyekuwa na kitu alifyatua matofali au kuteka maji. Pale walipochanganyika watu wa makabila mbalimbali, kama vile katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha chifu, mwashi na mzazi.

Darasani mambo yaligeuka. Shule hizo zilikuwa maskini: wanafunzi wengi walidurusu kwa mwanga wa kandili, walimu wengi hawakuwa wamepata mafunzo ya ualimu, na vifaa vya maabara vilikuwa haba. Hata hivyo, karo mara nyingi ilizidi ile ya shule za serikali. Juu ya dhiki hizo, masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, ambacho pengine mwalimu mwenyewe alikimudu kwa shida. Mwanafunzi aliandika yaliyokuwa ubaoni, akayakariri, wala hakuuliza, kwa kuwa kuuliza kulihitaji lugha asiyokuwa nayo. Katika shule nyingi za Kenya, aliyenaswa akisema lugha ya kwao aliadhibiwa, wakati mwingine kwa kuvishwa kibao shingoni.

Si haki kuwatupia walimu lawama yote. Mtihani ndio uliotawala, na mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Tume ya Ominde, iliyoteuliwa mwaka 1963, iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, ingawa ilitambua umuhimu wa Kiswahili. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa. Pendekezo hilo lilitekelezwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya uhuru.

Hatua hiyo ilikipa Kiswahili heshima shuleni, lakini ilikipa heshima ya somo tu. Hesabu, sayansi na historia ziliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Hivyo mzazi aliyebeba mawe ya msingi alikuwa na sauti katika kamati ya ujenzi, lakini hakuweza kufuata yale aliyofundishwa mwanawe katika chumba alichokijenga yeye mwenyewe. Wanaochunguza maendeleo ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kuanzia kwenye ripoti za tume. Yafaa pia wawasikilize wazee waliozijenga shule hizo, na kuzisoma kumbukumbu za mikutano yao, kabla wazee hawajatoweka na karatasi hazijaliwa na mchwa.