Wyoming: Ngome Isiyo na Ukuta na Njia ya Wahamiaji

Mtu aliyekulia Mombasa akisikia neno ngome, huwaza kuta nene za Fort Jesus na mizinga inayoelekea baharini. Nami nilikwenda Fort Laramie, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, nikiwa na picha hiyo kichwani. Nilichokuta ni uwanja wa nyasi kando ya mto na nyumba zilizotawanyika. Ukuta hakuna.

Wyoming ndilo jimbo lenye watu wachache zaidi Marekani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 576,851, idadi isiyofika nusu ya wakazi wa Kaunti ya Mombasa. Ardhi yake, hata hivyo, ni kilomita za mraba 253,000 hivi. Majimbo mawili kama hayo yangeingia ndani ya Kenya na nafasi ikabaki. Anayekwenda huko ahitaji gari, kwani matatu za kurukia njiani hakuna. Jaza mafuta kila upatapo kituo, beba maji na chakula, na usisahau koti hata wakati wa kiangazi: mji mkuu, Cheyenne, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake haulali. Kutoka hapo hadi ngomeni ni mwendo wa saa mbili hivi. Kiingilio ni bure.

Fort Laramie ilianza mwaka 1834 kama kituo cha biashara ya ngozi. Wafanyabiashara walileta bidhaa zao, na wenyeji, wakiwemo Walakota na Wacheyenne, wakaleta ngozi za nyati wa huko. Mwaka 1849 jeshi la Marekani lilinunua kituo hicho kwa dola 4,000, likakaa hadi 1890. Nyumba ya maofisa iliyojengwa mwaka huo wa 1849 bado imesimama.

Jeshi lilitakiwa kulinda njia. Kuanzia miaka ya 1840, wahamiaji waliokadiriwa kuwa 300,000 hadi 400,000 walipita katika nyanda hizi wakielekea magharibi, wengine wakitafuta mashamba Oregon, wengine dhahabu California. Safari ya Oregon ilikuwa ya kilomita 3,200 hivi. Mizigo ilikokotwa na maksai katika magari ya mbao yaliyofunikwa turubali, na wenye magari wengi wao walitembea kwa miguu. Kipindupindu kiliua wengi kuliko mishale.

Karibu na mji mdogo wa Guernsey, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka ngomeni, nilisimama ndani ya mtaro ambao magurudumu hayo yalichimba kwenye jiwe. Mahali pengine kina chake kinafika mita moja na nusu. Jirani kuna jabali liitwalo Register Cliff, ambako wasafiri walichonga majina yao na tarehe. Nilisoma majina mengi, nikajiuliza: hawa walikuwa wapita njia, waliokuwa wakiishi hapa majina yao yako wapi?

Jibu nililipata niliporudi ngomeni, katika habari za karatasi moja. Mwaka 1868 serikali ya Marekani na wakuu wa Walakota walitia saini mkataba hapo Fort Laramie. Milima ya Black Hills, ambayo Walakota wanaihesabu kuwa mitakatifu, iliwekwa ndani ya ardhi iliyoahidiwa kuwa yao. Mwaka 1874 msafara wa jeshi uliripoti dhahabu milimani humo, na kufikia 1877 serikali ilikuwa imeichukua. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba walistahili fidia, ambayo pamoja na riba ilizidi dola milioni 100. Walakota wakakataa fedha hizo. Wanachotaka ni ardhi yao.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufasiriwa habari hiyo. Kuna wazee kwetu waliozaliwa shambani, wakazika wazazi wao papo hapo, kisha wakaambiwa mwenye shamba ni mwenye karatasi. Walakota walikuwa na karatasi, tena yenye saini ya serikali, na haikuwaokoa.

Kwa hivyo ukijaliwa kufika Wyoming, nenda ukaone ngome na mitaro ya magurudumu, inastahili kuonwa. Lakini usiishie kwenye majina yaliyochongwa jabalini. Muulize mtembeza wageni wa ngome kuhusu mkataba wa 1868, na umsikilize mpaka mwisho. Nami niliporudi Mombasa na kupita tena Fort Jesus, sikuutazama ukuta kwanza. Niliwaza waliokuwepo kabla haujajengwa.