Goti: Kuona Si Kutibu

Katika historia ya tiba, kuona vizuri kumechukuliwa mara nyingi kuwa ndiko kutibu vizuri. Goti linatupa ushahidi wa kutilia shaka imani hiyo.

Mwaka 1918, huko Tokyo, Kenji Takagi aliingiza kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo ndani ya goti la maiti. Kifua kikuu kilikuwa kikikaza magoti ya Wajapani wengi, na katika jamii iliyokula na kupokea wageni kwa kupiga magoti sakafuni, goti lisilokunjika lilimtenga mtu na wenzake. Utafiti ule haukuwa anasa hata kidogo. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, ndiye aliyeiboresha darubini hiyo, na mwaka 1962 akaondoa kipande cha gegedu lililochanika pasipo kulipasua goti zima.

Darubini ikasambaa, na nchini Marekani ikawa pia njia ya kusafisha magoti yaliyolika kwa umri. Je, iliwasaidia wagonjwa hao? Jibu zito lilipatikana Houston mwaka 2002. Wagonjwa 180 waliridhia kugawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakasafishwa goti, wengine wakachanjwa ngozi tu, bila kujua nani yumo kundi lipi. Baada ya miaka miwili, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuwazidi waliochanjwa. Mwaka 2004 bima ya serikali ya wazee ikaacha kulipia usafishaji huo kwa magoti yaliyolika. Watumishi wa umma na wazitazame tarehe hizo: fedha ilitangulia, ushahidi ukafuata.

Jicho lingine lilitoka kiwandani. Mwaka 1955 Ian Donald, tabibu wa Glasgow, aliupima uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake kwa mashine ya mawimbi ya sauti iliyotumika kutafuta nyufa katika chuma. Kufikia 1972 ultrasaundi ilikwisha kutofautisha damu iliyoganda mguuni na uvimbe wa Baker, yaani mfuko wa majimaji unaojitokeza nyuma ya goti. Leo tabibu huiona sindano kwenye skrini ikiingia katika mfuko huo, akayafyonza majimaji bila kisu wala mionzi.

Sindano hiyo nayo inastahili kuulizwa swali la Houston. Mfuko uliofyonzwa waweza kujaa tena, kwa kuwa chanzo chake huwa ndani ya kiungo. William Morrant Baker aliuhusisha uvimbe huo na ugonjwa wa goti lenyewe mwaka 1877.