GPA mwaka wa kwanza uhandisi: Jinsi inavyohesabiwa na kwa nini usisubiri mwaka wa tatu

Mwanza. Ukipita mitaa ya Nyegezi na Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), matokeo ya muhula yakitoka neno utakalolisikia zaidi ni GPA. Wengi wanajua ya kwao ni ngapi, ila si wote wanaojua imetoka wapi.

Kwa anayesoma uhandisi, kozi ya miaka minne, kutojua hilo kunaweza kumgharimu daraja la kwanza kabla hata hajaingia mwaka wa pili.

Programu unapangiwa lini?

Ukisoma mtandaoni utakuta kwamba kwenye baadhi ya vyuo vya Canada, kama McMaster na British Columbia, mwaka wa kwanza wanafunzi wote wa uhandisi husoma pamoja. Baada ya hapo, matokeo yao na machaguo yao ndiyo huamua nani aende ujenzi, umeme au mitambo.

Tanzania si hivyo. Hapa unaomba na kudahiliwa moja kwa moja kwenye programu, hivyo kinachokupanga ni matokeo ya kidato cha sita au diploma.

Kwa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka angalau pointi 4 kwenye masomo mawili yanayoamua programu husika. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa uhandisi masomo hayo mara nyingi ni Fizikia na Hisabati. Mwenye D mbili amefikisha, lakini waombaji wakizidi nafasi, wenye pointi nyingi ndio wanaochukuliwa.

Mwenye diploma anatakiwa awe na wastani wa B au GPA ya 3.0.

Je, naweza kuhama programu?

Ndiyo, ila GPA nzuri pekee haitoshi. Lazima uwe na sifa za kuingilia za programu unayoitaka, nafasi iwepo, na uombe ndani ya muda wa uhamisho ambao kwa kawaida hutangazwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kama una mkopo wa HESLB, pita dawati la mikopo la chuo kabla ya kuhama ili bumu lisije likakwama.

GPA inahesabiwaje?

Kila daraja lina pointi: A ni 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1 na E 0. Kila somo nalo lina krediti, yaani uzito wake. Unazidisha pointi kwa krediti za somo, unajumlisha zote, kisha unagawa kwa jumla ya krediti.

Mfano, muhula wenye krediti 60:

• Hisabati (krediti 12), B: 36
• Umeme (12), C: 24
• Michoro (12), B+: 48
• Kompyuta (8), B+: 32
• Karakana (8), A: 40
• Mawasiliano (8), A: 40

Jumla ni 220. Gawa kwa 60 unapata 3.66. Usishangae ukiandikiwa 3.6 badala ya 3.7, kwa sababu vyuo vyetu kwa kawaida hukata tarakimu za mbele, havipandishi.

Angalia uzito sasa. Ukipanda daraja moja kwenye Hisabati, GPA inaongezeka 0.2. Ukipanda daraja moja kwenye somo la krediti 8, inaongezeka 0.13 tu. Kuna wanaokesha na masomo mepesi huku Hisabati ikiwaponyoka.

Madaraja ya shahada

• 4.4 hadi 5.0: daraja la kwanza
• 3.5 hadi 4.3: daraja la pili la juu
• 2.7 hadi 3.4: daraja la pili la chini
• 2.0 hadi 2.6: ufaulu wa kawaida

Chini ya 2.0 huhitimu, na huko ndiko hatari ya kudisko iliko.

Kuwa makini na kurasa za Marekani. Kule kipimo huishia 4.0, kwa hiyo 3.5 yao si sawa na 3.5 yetu.

Kwa nini mwaka wa kwanza ni mzito?

GPA ya mwisho hukusanya miaka yote. Chukua programu yenye krediti 120 kila mwaka, jumla 480. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.5, kufikisha 3.5 kutakudai wastani wa 3.83 kwa miaka mitatu mfululizo.

Na daraja la kwanza? Utahitaji wastani wa 5.03, wakati mwisho ni 5. Haiwezekani tena. Hata ukiwa na 2.6, itabidi upate A kwenye kila somo hadi unahitimu.

Sapu nayo haiokoi sana. Vyuo vingi humpa aliyefaulu sapu C, hata kama amejibu vizuri kiasi gani. Mkopo pia hutegemea kufaulu kuendelea na mwaka unaofuata, na mkopo ukikatika ada inarudi kwa mzazi, awe anauza dagaa Mwaloni Kirumba au analima mpunga Magu.

Ufanye nini wiki ya kwanza?

1. Chukua orodha ya masomo na krediti zake, weka alama kwenye yenye uzito mkubwa.
2. Soma kanuni za mitihani za chuo chako: sapu, kukeri somo, kudisko na muda wa kukata rufaa.
3. Fuatilia alama za majaribio mapema. Ukiona alama haijaingizwa, muone mwalimu kabla ya mtihani wa mwisho.
4. Matokeo yakitoka, piga hesabu mwenyewe kwa simu. Isipolingana na ya chuo, uliza idarani siku hiyo hiyo.