Udongo Wetu na Udongo Ulaya: Historia Fupi ya Nyumba ya Ardhini

Saruji ilipoingia nchini, wazee wetu waliiita udongo ulaya. Jina hilo linakiri kwamba saruji nayo ni udongo, lakini papo hapo linaipa cheo kwa sababu imetoka ng'ambo. Tangu hapo udongo wa kwetu umebaki kuwa alama ya unyonge. Katika makala haya nataka kukihoji cheo hicho, nikianzia Chekereni.

Chekereni iko katika tambarare ya chini ya Moshi, ndani ya eneo la skimu ya umwagiliaji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Anayeteremka kutoka Marangu au Kibosho huliacha nyuma baridi la migombani na kulakiwa na joto la mashamba ya mpunga. Ukitaka kulijua joto hilo, keti saa nane mchana katika nyumba ya bati isiyo na dari. Mwenyewe utamkuta nje, chini ya mti: nyumba aliyoitolea jasho kwa miaka mingi imemfukuza. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa huko, aliniuliza kwa nini asijenge nyumba iliyofunikwa na ardhi, kama alivyosikia kwamba wanafanya wenzetu wa Ulaya na Marekani. Swali lake lilikuwa jema. Alikosea jambo moja tu, kudhani kwamba wazo hilo ni geni.

Alipaswa kuinua macho yake mlimani. Katika karne ya 19, wakati umangi wa Kibosho, Moshi, Marangu na nyinginezo zikipigana, na mashambulizi ya Wamasai yakihofiwa, Wachagga walichimba mahandaki chini ya ardhi. Humo walijificha watu, mifugo na chakula. Mahandaki hayo yalikuwa na milango myembamba ya kumlazimisha adui aingie mmoja mmoja, na matundu ya kupitishia hewa. Baadhi yake huonyeshwa wageni hadi leo huko Marangu. Hayakuwa makazi ya kila siku, maana familia iliishi katika nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa majani hadi karibu na ardhi. Hata hivyo, ni ushahidi kwamba watu wale waliijua ardhi yao kwa ndani, kama walivyoijua kwa nje walipochimba mifongo ya kuleta maji mashambani.

Huko Mbulu, Wairaqw walikwenda mbali zaidi. Walikata ubavu wa kilima, wakajenga ndani yake nyumba yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, hata mpita njia wa upande wa juu asiitambue kwa urahisi. Hapo pia sababu mojawapo ilikuwa usalama. Lakini nyumba iliyomficha mtu na adui ilimkinga pia na upepo na baridi ya nyanda za juu.

Kisha ipo tembe. Wagogo, Wanyaturu, Wahehe na jirani zao walikita miti, wakakandika kuta, wakalaza magogo na fito juu yake, kisha wakatandaza majani na udongo mzito. Tembe haikuwa ya wanyonge peke yao. Livingstone na Stanley walikaa katika tembe huko Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, na mahali hapo pamehifadhiwa kama makumbusho.

Siri ya nyumba hizi ni uzito wake. Bati ni jepesi. Hupokea jua na kulishusha ndani mara moja. Udongo mnene huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa, kwa hiyo mchana ndani kuna ubaridi na usiku kuna uvuguvugu. Kadiri unavyochimba chini ndivyo mabadiliko ya mchana na usiku yanavyofifia, na kina cha mita kadhaa hali hukaribia wastani wa mwaka mzima. Hakuna feni wala umeme unaohitajika.

Tuliupotezaje ujuzi huu? Mlimani, fedha za kahawa zilileta bati, na bati likawa heshima. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilifunguliwa mwaka 1966. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa na nyumba zao za asili zikaachwa au kubomolewa. Hata hivyo, Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, aliwalaumu Watanzania kwa kung'ang'ania saruji na bati, akauona mwenendo huo kuwa aina ya kupooza kwa fikra. Yeye alipendekeza matofali ya kuchoma na vigae. Leo tunajua kwamba tanuri la matofali nalo linakula miti, na miti ya Kilimanjaro si ya kuchezea.

Tusije tukageuza historia kuwa ushabiki. Tembe iliishi katika nchi kame ya kati. Ikinyeshewa mvua kubwa, huvuja, na mchwa huila miti yake. Giza na moshi vilikuwa sehemu ya maisha ya humo. Huyo mwanafunzi wangu akichimba nyumba katikati ya majaruba ya Chekereni, atakuwa amejichimbia kisima. Mahali pa nyumba ya kuzama ni penye mteremko na udongo usiotuamisha maji. Tambarare inahitaji njia nyingine: msingi ulioinuka, kuta nene za matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo, dari chini ya bati, na kivuli cha miti upande wa magharibi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana ya aina hiyo, yasiyochomwa.

Kikwazo kikubwa kiko katika karatasi zetu. Tunapopima umaskini, sakafu, ukuta na paa la udongo huandikwa upande wa dhiki, bila kuuliza kama nyumba ni imara, kavu na yenye hewa. Ndugu mtumishi wa umma unayejaza fomu hizo, tafakari: mwananchi aliyejengea udongo uliotengenezwa vizuri anahesabiwa maskini, na yule anayeungua chini ya bati anahesabiwa amepiga hatua. Kijana akiona hivyo atachagua nini?

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba asichimbe, ila asiuache udongo. Kabla ya kuchora ramani ya nyumba, apande Marangu akaone handaki, kisha aende Dodoma akaulize wazee wa Kigogo paa la tembe lilitengenezwaje. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na ujuzi wao haukuandikwa katika fomu yoyote.